Shoka la Kuzuia Mlango

Ninyi mlioniuliza barazani, mmeshika magauni yenu ya kupunguzwa viuno, "Somoe, safari ilikuwaje?", nami nikawajibu "salama" na kuinamia cherehani, leo nawajibu vizuri. Sikuwa nawaficha. Safari yenyewe ilikuwa bado haijakaa kichwani. Mnanijua nilivyo mtu wa kusinzia: gari likiwaka tu, mimi nimeondoka, na nikifumbua macho nakuta tumefika mahali, watu wamekwisha kugombana na kupatana bila mimi. Kwa hiyo msinidai kila kipande cha njia. Nitawapa vile nilivyovikuta nilipofumbua macho.

Moja tu mlijue mapema. Nilikwenda kwao mama, ng'ambo ya Ruvuma, kumsaidia mdogo wangu Mwanaisha kusimamisha nyumba kabla ya mvua. Na ndani ya kapu langu nilibeba shoka ambalo nusura limalize mwitu wa Kisimani, ule mwitu ambao marehemu mama alikuwa akitusimulia mpaka sisi watoto tukawa tunasikia harufu yake hapa hapa Mtwara. Katikati ya mwitu ule kuna kisima. Maji yake ni matamu kwa ajili ya kivuli kile na mizizi ile. Ukitoka nje ya miti, popote utakapochimba utakuta chumvi. Mwitu ukiisha na kisima kimekwisha, na kijiji kinakunywa hapo. Hayo niliyajua tangu utotoni. Nililokuwa silijui ni lile shoka.

Mtwara, kizingitini

Mjomba Bakari alinipigia simu. Watu wamerudi, alisema, wengi wamerudi kutoka walikokuwa wamekimbilia siku za vita, lakini nyumba hakuna, zilizoachwa zimeliwa na moto na mchwa. Mwanaisha na wanawe wako chini ya plastiko. "Ukija," akasema, "njoo na vyombo vya kazi. Huku shoka la maana halipatikani."

Mwanaisha ni mtoto wa mama mdogo. Kwetu huyo si binamu, huyo ni mdogo wako, basi. Nikafunga misumari, panga, kamba, sukari, majani ya chai, na doti za kanga nilizokuwa nimemwekea. Nilipofika kizingitini nimekwisha kujitwisha, jicho likaangukia kile chuma kinachozuia mlango wa chumbani usijibamize.

Mmekiona wote. Baadhi yenu mmejikwaa nacho mkakitukana. Ni shoka lisilo mpini, zito, jeusi kwa uzee, lina alama ya mikato mitatu kisogoni. Mama alilitumia kuzuia mlango tangu kabla sijazaliwa. Asubuhi alilisukuma kwa mguu, na kabla ya kulala alilitazama kidogo, kisha ndipo akazima taa. Nilidhani ni mapenzi ya mtu mzima kwa kitu cha zamani. Nikajiambia, haya, chuma cha siku zile hiki, si kama haya ya sasa yanayopinda yakigusa mnazi. Mjomba atalitia mpini, Mwanaisha atapata nguzo. Nikalifunga ndani ya kanga kuukuu ya mama na kulitia kapuni. Nilipotoka, mlango ukajibamiza nyuma yangu kwa kishindo, na mimi nikacheka.

Mpaka Kilambo

Sehemu hii mwulizeni dereva. Mimi nilimwona mama. Alikuwa mbele yangu kati ya miti, amejitwisha kitu, nami namfuata nikimwita, na kila nikimkaribia kunakuwa na mti mwingine katikati yetu. Halikuwa jambo la kuogopesha. Kulikuwa baridi na kijani, na yeye alikuwa anaimba kwa pua kama alivyokuwa akiimba akichambua mchele.

Nilipofumbua macho gari limesimama kwenye mikorosho, tairi limetolewa, abiria wamekaa chini wanakula ming'oko. Wenzangu wa Kusini hamhitaji kuelezwa ming'oko ni nini. Kwa wengine: ni mizizi myembamba ya mmea wa porini unaotambaa juu ya miti, inachemshwa, unaimenya na kuitia chumvi na pilipili, na ukianza huachi. Aliyekuwa anaiuza alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya kugomba ingawa hakuwa na ugomvi na mtu, na kwa matamshi yake ya kwetu mti ni nti.

"Kula, dada, usione haya. Nimeifuata mbali hiyo."

"Mbali wapi, na pori hili hapa?"

"Pori lipi?" akaniuliza. "Zamani tulichimba nyuma ya nyumba. Sasa nyuma ya nyumba mahindi, na nyuma ya mahindi tanuri la mkaa. Ming'oko inataka nti wa kupandia. Nti hakuna, itapanda kwa nani?"

Nikala na nikasahau maneno yake. Tairi lilichukua muda mrefu kwa sababu dereva na utingo walikuwa na mawazo tofauti juu ya jeki. Mimi nilikuwa sina haraka. Kivuli cha mikorosho kilikuwa kinasogea polepole juu ya miguu yangu, na nilikuwa na furaha ambayo hata sasa siwezi kuieleza sababu yake.

Mtoni

Ruvuma mdomoni mwake hauonekani kama mto. Ni maji mengi yamesimama kati ya michanga, ukungu umelala juu, na ng'ambo ni mstari tu wa mikandaa. Boti ya mashine ilitungoja mpaka maji yajae, na yalipoanza kujaa nahodha hakuwa na subira ya kungoja yajae kabisa. Tukafika katikati, tukakaa juu ya fungu la mchanga. Wote tukashuka ili boti isukumwe, mizigo kichwani, maji magotini, viboko wakikoroma mahali fulani ndani ya ukungu tusikowaona.

Hapo kapu langu likapasuka upande. Sukari niliidaka. Shoka likaanguka.

Aliyeliokota ni Bi Hadija, mama mtu mzima anayeuza sabuni na vitenge pande zote mbili za mto. Watu wa boti wote wanamjua na nahodha anamwogopa. Alilitoa majini, akalifuta kwa kanga yake, akaiona ile mikato mitatu. Akasimama palepale majini.

"Hili umelitoa wapi, mwanangu?"

"La marehemu mama. Nampelekea mjomba Bakari wa Kisimani."

"Mama yako nani?"

"Mwanajuma."

Akalirudisha kwangu kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwenzake mtoto mchanga. "Na wewe unajua unachokibeba?"

"Shoka, Bi Hadija. La kujengea nyumba."

"Haya," akasema. "Pengine wamekuita wao. Mimi nauza sabuni, mambo ya tumbo la watu siyaingii."

Nikadhani ameniona mshamba. Boti ikachomoka, tukapanda tumeloa, nikasinzia. Katika usingizi nilimsikia Bi Hadija akizungumza na simu zake, maana anazo mbili, moja ya kila nchi, na nikasikia jina la Kisimani likitajwa mara kwa mara. Sikulitilia maanani. Jina hilo hata mimi nalisikia usingizini.

Namoto mpaka Kionga

Sijawahi kupokelewa katika maisha yangu kama nilivyopokelewa Namoto. Pale si mji, ni vibanda, pikipiki, wavuvi na mchanga. Lakini nilipoweka mguu chini, mtu mmoja aliacha matenga yake ya samaki akaja kunishika mkono. "Bem-vinda, mama," akasema, yaani karibu, kwa Kireno chao cha kila siku. "Umetukumbuka." Mwingine akaniletea dafu na akakataa katakata malipo. Wa tatu, kijana aliyekwishaoa maana mkewe alikuwa pembeni amebeba mtoto, akanyoosha mikono kunionyesha urefu. "Mimi boriti tu, mama. Ndogo ndogo. Chumba kimoja." Nikamwambia inshallah, kwa sababu sikujua la kumwambia, na akafurahi kiasi kwamba na mimi nikafurahi.

Nikajiambia, ama kweli mama alikuwa mtu wa watu. Miaka yote hii na bado wanamheshimu hivi mwanawe.

Gari nililopata lilikuwa lori la bwana mmoja anaitwa Momade. Alikuja mwenyewe kuniuliza kama mimi ndiye mtoto wa Mwanajuma, akanifungulia mlango wa mbele, akapangusa kiti. Nyuma kulikuwa na magunia matupu mengi sana, yamekunjwa vizuri. Mtu mpole, sauti ya chini. Tulipofika Kionga, kwenye minazi, alisimamisha lori akaninunulia wali wa nazi na matapa, kisamvu chao kile kilichopondwa na karanga. Tukala taratibu. Alikuwa na duka la vitambaa Palma kabla ya siku za kukimbia, kwa hiyo tukaongea vitambaa: ipi pamba ya kweli, ipi inatoa rangi. Zamani hizo zilikuwa zimempita lakini vidole vyake bado vilikuwa vinapima kitambaa hewani akizungumza.

"Na sasa?" nikamwuliza.

"Sasa carvão, dada. Mkaa. Duka liliungua. Palma watu wamerudi, Afungi kuna obra, kazi kubwa ile ya gesi, na wanaofanya kazi wanataka kula. Wapishi wanataka mkaa." Akaonyesha kwa kidevu kando ya njia. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka ardhini hapa na pale, na visiki vyeusi vilikuwa vimetapakaa kati ya minazi mpaka macho yanapokomea. "Lakini hapa tumekwisha kumaliza. Tunafuata mbele."

Kisha akaniuliza, bila kunitazama: "Utakaa nalo mwenyewe, au utalikabidhi?"

"Shoka? Nitalikabidhi tu. La mjomba hilo."

Akatabasamu. Toka hapo aliendesha polepole, akikwepa kila shimo ili usingizi wangu usikatike. Nimewaambia alikuwa mpole, na sikuongeza chumvi.

Kisimani

Vigelegele ndivyo vilivyoniamsha. Wanawake walikuwa wamelizunguka lori. Nilimtafuta Mwanaisha kwa macho, nikamwona nyuma yao amesimama mbele ya plastiko la buluu lililofungwa kwenye vijiti, watoto wamemshika nguo, naye hapigi kigelegele. Mjomba Bakari alikuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikamwekea kanga mapajani na kuifungua. Hakuligusa.

"Somoe," akasema, "nilikwambia ulete shoka. Sikukwambia ulete hili."

Ndipo nilipoelezwa, katikati ya watu, nimesimama na mchanga wa mto umenikaukia miguuni. Tumbo, kwao, ni watu wote waliotokana na bibi mmoja kwa upande wa mama. Mwitu wa Kisimani ni wa tumbo letu, na shoka hili ndilo ufunguo wake. Mwenye kulishika ni mwanamke wa tumbo. Likiwa kijijini, mwitu uko wazi, kila mwenye shida anaingia kukata. Mwanamke akiondoka nalo, mwitu umefungwa: utaokota tawi lililoanguka, utachota maji, basi. Siku za mabibi lilikuwa likienda na kurudi. Bibi mmoja analibeba anakwenda kutembelea ndugu, anakaa huko mpaka visiki vichipue na miti iwe minene ya kutosha, ndipo anarudi. Hakuna aliyekatazwa kitu wala kufukuzwa. Wanaambiwa tu shoka limekwenda kutembea.

"Mama yako aliondoka nalo wakati tulikuwa tunagombea miti kila kukicha," Mjomba akasema. "Akatuaga, akasema anakwenda kutembea Mtwara. Tukangoja. Akaolewa huko. Tukazoea. Hata hawa wakata mkaa, tukiwaambia mwitu umefungwa, shoka liko ng'ambo, wengi walikuwa wanaheshimu."

"Sasa mbona hukuniambia, Mjomba?"

"Ningejuaje kwamba mnazuia nalo mlango?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, machozi yakinitoka. Nilitaka kulirudisha kapuni palepale nigeuze njia. Mjomba akatikisa kichwa. Limekwisha kuonekana. Mwitu ulikuwa wazi tangu shoka lilipogusa mchanga wa Namoto. Nikamtazama Momade, naye alikuwa anakunjua magunia yake kwa adabu, bila kutazama upande wetu.

Nililobakiwa nalo lilikuwa moja. Shoka halina mpini, na mpini lazima utoke mwituni, na mti wa mpini anauonyesha mwanamke wa tumbo. Upande wa mwitu ulio na mti huo ndio unaofunguliwa kukatwa.

Tukaingia asubuhi, mimi, Mwanaisha na Mjomba, miguu mitupu. Mjomba alisoma Fatiha kwanza na kufukiza ubani. Ndugu zangu, sijui niwaambie nini. Mlango wa mwitu ule hauonekani. Unapiga hatua na jua linabaki nyuma yako. Sauti ya watoto kijijini ikazimika. Kulikuwa na harufu ile, ile ile aliyoisema mama, ya majani yaliyooza na maua yasiyoonekana. Mikongo mikubwa ilikuwa imesimama kimya, mizabibu ya porini imeningʼinia, na chini yake miti myembamba iliyonyooka imesongamana. Mguu wangu ulijua pa kukanyaga. Nilimwona mama, si mbele yangu safari hii, alikuwa anatembea ndani yangu, na nilikuwa macho kabisa.

Kisima ni kidogo kuliko nilivyokiwaza. Ni jicho tu la maji kati ya mizizi. Mwanaisha akachota kwa kifuu akaninywesha, na yalikuwa matamu kweli, baridi mpaka menoni.

Kisha akanishika mkono akanipeleka upande wa pili. Hapo kivuli kiliisha ghafla. Kipindi kijiji kilipokuwa kitupu, watu wasiojua habari za shoka waliingia wakakata mpaka chini, wakang'oa hata visiki, wakachoma. Jua lilikuwa linapiga juu ya ardhi nyeupe, ngumu kama sakafu, miiba tu ndiyo iliyoota. Palikuwa na kisima kingine pale zamani. Mwanaisha alichota kwenye shimo lake, nikaonja, nikatema.

"Mvua inapita juu juu inakwenda baharini," Mjomba akasema. "Haina wa kuishika."

Nikaonyesha mti wa mpini mbali na kisima, upande wa mashamba ya zamani, kwenye ile miti myembamba iliyosongamana. Mjomba akaukata kwa panga, usawa wa goti, kwa mshazari ili maji ya mvua yasikae juu ya kisiki. "Hivi unachipua," akasema. "Ukikata chini kabisa umeua."

Basi likaanza. Kila asubuhi nilisikia shoka likiimba mwituni, na kila jioni nguzo za Mwanaisha zilikuwa zimeongezeka. Nilikanda udongo, nilifunga fito, nilipika chima, ugali wao, kwa sufuria kubwa, na mchana nikisinzia nilisinzia nikiwa na furaha. Yule kijana wa Namoto naye alifika na mkewe akapata boriti zake. Lakini watu wa Momade pia walikuwa wanaingia, na wao hawakuwa wanatafuta nguzo. Walichukua minene. Siku moja nilisimama kwenye mlango wa nyumba ya Mwanaisha, nikatazama upande uliofunguliwa, nikaona mbingu mahali ambapo siku ya kwanza hapakuwa na mbingu. Nikaogopa sana.

Nikawaambia nataka kuondoka, na shoka naliondoa. Hakuna aliyepiga kelele. Momade ndiye aliyenijibu, kwa sauti yake ile ile.

"Dada, una haki. Lakini watazame wale." Bado kulikuwa na maplastiko ya buluu yamebaki. "Mvua inakuja. Wewe unarudi Mtwara chini ya bati. Ukiondoka nalo, unawaambia nini?"

Mjomba akasema taratibu kwamba Mwanaisha naye ni wa tumbo, linaweza kubaki kwake mpaka wote wajenge. Maneno ya haki kabisa. Nikamkabidhi Mwanaisha shoka mbele ya watu, likiwa na mpini wake mpya mweupe. Nililia chini ya plastiko lake la zamani, ambapo sasa hapakuwa na mtu. Nililia kwa ajili ya kisima, na kwa sababu Momade alikuwa amesema kweli.

Kurudi

Asubuhi ya kuondoka, Mwanaisha alinifungia kapu. Nazi, mihogo mikavu, na kitu kizito chini.

"Ni nini hiki, mdogo wangu?"

"Twende, nitakusindikiza."

Tulipofika nje ya kijiji akasimama. "Nimelitoa mpini," akasema. "Nimeuchoma jikoni, chai uliyokunywa imechemshwa kwa huo."

"Mwanaisha! Na watu?"

"Dada, sikiliza. Likikaa kwangu, kila asubuhi atakuja ntu na shida ya kweli. Si mwongo hata mmoja. Bi Saumu nimekimbia naye, tumelala porini pamoja, alimbeba mwanangu mgongoni wakati mimi nimeishiwa nguvu. Akija kuniomba nti, nitamwambiaje hapana? Sitaweza. Nitasema ndiyo, na kesho ndiyo, mpaka tukachote chumvi. Ndiyo maana mama mkubwa hakurudi. Wewe uko mbali. Wakikuchukia, wanakuchukia ng'ambo."

"Na Bi Saumu atalala wapi?"

"Kwangu. Na wajukuu zake. Na wengine nimekwisha kuwaambia. Unadhani nyumba kubwa vile niliijenga ya nani?"

Nilikuwa nimeishangaa ile nyumba. Nilikuwa nimemtania kwamba anataka kuolewa tena.

Njia ya kurudi sikusinzia. Ndiyo, andikeni. Momade hakunipa lori, nilipanda pikipiki na tulianguka mchangani zaidi ya mara moja, na Kionga nilikula muhogo wangu mkavu bila mtu wa kuongea naye vitambaa. Namoto habari zilikuwa zimenitangulia tena. Yule mwenye dafu alikuwa kibandani kwake, akaanza kupanga madafu yake ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa. Sikumlaumu. Nilikaa kwenye mchanga, kapu mapajani, nikangoja maji yajae.

Bi Hadija alikuwemo botini. Alilitazama kapu, akanitazama.

"Linakwenda wapi hilo?"

"Linakwenda kutembea," nikamwambia.

Akasogea, akanipa nafasi karibu yake. Ukungu ulikuwa umeondoka, na mto wote ulikuwa unang'aa.

Mlangoni

Sasa mnajua kwa nini Jumatano ile nilimpigia kelele Mama Asha alipolisogeza ili afagie, mlango ukajibamiza. Anisamehe. Nilishtuka, nikaliona lile pengo la mbingu.

Mvua imeshuka huko. Mwanaisha alinipigia simu jana alasiri, nikasikia mvua inavyopiga makuti, na vurugu ya watoto wengi kupita wake. Nyumba haivuji ila upande wa Bi Saumu, ambaye analalamika kutwa. Visiki vimechipua, kila kisiki kina vichipukizi vinavyofika kiunoni mwa mtoto. Maji ni matamu. Kisha akasema:

"Dada, watu wamenituma nikuulize. Utalileta lini?"

"Na wewe mwenyewe, mdogo wangu, unasemaje?"

Nikasikia mtoto akiomba uji, na mtu mwingine, si Mwanaisha, akimwitikia.

"Mimi nasema zuia mlango," akasema.

Nikaenda chumbani, nikalisukuma kwa mguu mpaka likagusa ubao.